Nani alijenga Capri Point? Maneno ya Jumamosi kabla ya matembezi yetu

Wale mlioshindwa kuja Jumamosi mmeniomba niyaweke hapa yote niliyoongea kabla hatujatembea Capri Point, ile rasi ya matajiri hapa Mwanza, haya nayaweka kama yalivyotoka, sijayapamba. Tulikuwa tumekusanyika pale kando ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, saa moja na nusu asubuhi, watu kama 60 hivi, wengi vijana wa Igogo, Pamba, Mkuyuni na Isamilo, na wazee wachache waliokaa mbele kwenye viti.

Mwangaluka! Hapana jamani, hiyo sauti ni ya watu waliolala saa tisa usiku. Mwangaluka! Eeh, hapo sawa. Wabeja sana.

Ndugu zangu, naanza na swali. Nyoosheni mikono mliozaliwa au kukulia hapa Mwanza. Naona karibu wote. Shusheni. Sasa nyoosheni mikono wale ambao mmewahi kuingia Capri Point kwa miguu yenu mkitembea tu, sio kwamba umetumwa kupeleka mzigo, sio unaenda kuomba kazi, sio dereva wa boda umeleta abiria ukageuza. Kutembea tu kama mtu anayetembea kwao. Mnaona? Mikono saba. Watu 60, mikono saba, na hilo eneo lipo hapo nyuma yangu, ukirusha jiwe kwa nguvu linakaribia kufika.

Ndio maana tumekuja. Leo tunataka kujiuliza kitu kimoja tu, Capri Point aliijenga nani? Manake tukipita na daladala tunasemaga "kule kwa matajiri", halafu tunanyamaza, kana kwamba ile rasi ilishushwa kutoka juu ikiwa na mageti na bogenvilia tayari. Haikushushwa. Ilijengwa. Ilijengwa na nani?

Tuanze na hili jiwe hapa. Geukeni mliangalie, msiniangalie mimi. Mnalipiga picha kila siku, liko kwenye kalenda, liko kwenye fulana, lakini ni wangapi wanajua kwamba Bismarck ni jina la Kansela wa Ujerumani, Otto von Bismarck, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga hapa? Jiwe lilikuwepo kabla ya jina. Hii graniti yetu ya Mwanza ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, ilikuwa chini ya ardhi, maji yakawa yanapenya kwenye nyufa zake, yanaila pembe taratibu, inabaki mviringo, halafu udongo wa juu ukaja kuoshwa na mvua miaka mingi sana ndio mawe yakabaki wazi yamebebana kama watoto wanaocheza. Kwa hiyo ukiona nyumba ya Capri Point imejengwa juu ya jiwe kubwa inaangalia ziwa, ujue fundi wa kwanza ni maji. Hata yule mjusi wa kichwa cha pinki na mwili wa bluu anayeota jua pale juu, wataalamu wanamwita Agama mwanzae, amepewa jina la mji wetu. Yeye hapigiwi honi atoke njiani, anaingia uani kwa tajiri na anaingia Igogo vilevile.

Na ziwa nalo lilikuwa na jina. Nyanza. Mwingereza John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa hili Agosti 1858, akaliangalia, akalipa jina la malkia wake. Wajerumani wakaja wakaanzisha kituo chao cha utawala hapa mwaka 1892. Waingereza wakawatoa mwaka 1916 kwenye vita kuu ya kwanza, na reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928, pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda baharini. Hayo mliyasoma shule, siyarudii.

Lakini kuna kitu shuleni hawakutwambia vizuri. Mji wa kikoloni ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Miji yote ya Tanganyika iliyokuwa na maana ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mpaka leo wazee wanayatumia hayo majina wala hawaoni ajabu. Uzunguni iliwekwa wapi? Kwenye upepo. Kwenye mwinuko, kwenye nafasi, mbali na msongamano, walisema ni kwa ajili ya afya, wanaogopa malaria na magonjwa ya "wenyeji". Sasa niambieni, kwa Mwanza, ukitafuta upepo, nafasi, maji pande tatu na njia moja ya kuingilia ambayo ni rahisi kuilinda, unaenda wapi? Unaenda kule. Yaani ramani ilishajibu kabla mtu hajauliza.

Uswahilini iliwekwa wapi? Huko kwingine kote. Na mji ulipojaa watu wakaanza kupanda milimani, Igogo, Mabatini, Bugando, wanajenga katikati ya mawe, mabati yanang'aa hadi juu kileleni. Mgeni akishuka na meli anasema jamani hizi nyumba za mlimani ni nzuri kuziangalia! Kuziangalia ndio. Kuzipanda na ndoo ya lita 20 kichwani ni habari nyingine, nitaifikia.

Uhuru ukaja. Uzunguni ikaacha kuwa ya Wazungu, ikawa ya vyeo. Nyumba zile zikakaliwa na wakubwa wa serikali na mashirika ya umma. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba, nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi laki moja na zaidi zikachukuliwa na serikali zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na familia nyingi za Kihindi ziliondoka nchini baada ya pale, hilo nalo lina machungu yake na tusilipite kama halikuwepo. Halafu miaka ya 90 sangara wakaanza kupandishwa ndege kwenda Ulaya, viwanda vya minofu vikajaa mjini, baadae mgodi wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, pesa ya samaki na pesa ya dhahabu ikatafuta mahali pa kulala. Ikalala wapi? Kulekule. Na kuanzia mwaka 2002 serikali ikaanza kuuza nyumba zake nchi nzima kupitia Wakala wa Majengo. Mwenye nyumba akabadilika mara nne ndani ya umri wa mtu mmoja: mkoloni, ofisa, mgeni wa mgodini, mfanyabiashara. Ukuta haukubadilika. Uliongezwa tu kimo.

Sasa niwape stori ya mtu ambaye hakubadilika.

Baba yangu alianza kazi ya bustani Capri Point mwaka 1981. Tulikuwa tunakaa Igogo, kule juu kwenye mawe. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anashuka mlima, anapita upande wa reli na bandari ya kusini, anazunguka anaingia kwenye rasi, saa moja yuko kazini na mpira wa maji mkononi. Miaka 28. Nimesema 28, sio miwili mitatu. Waliokaa kwenye ile nyumba walikuja wakaondoka, kila anayekuja anaikuta nyumba na anamkuta baba, kama vile baba ni sehemu ya bomba la maji.

Alipanda miti. Alipanda miembe miwili, akapanda mjakaranda karibu na geti, akapanda ile bogenvilia inayomwagika nje ya ukuta, ambayo watu siku hizi wanasimama kupigia picha. Alikuwa anakuja nyumbani jioni anatusimulia ile miti kama anasimulia watoto wake wengine, mama anamwambia bhabha, leo umetusahau sisi umeleta habari za miembe tu! Na kweli, tulikuwa tunaijua ile bustani bila kuiona. Tunajua mwembe wa kushoto ulichelewa kuzaa. Tunajua kenge aliingia akala mayai. Tunajua furukombe anapenda kukaa kwenye tawi gani kabla hajashuka ziwani kuchukua samaki wake.

Nilipokuwa na miaka 9 mama alinituma nimpelekee baba chakula, alikuwa ameumwa mgongo akaondoka bila kula. Nikafika getini, mlinzi akaniuliza naenda wapi, nikasema kwa baba. Akaniambia nipite nyuma. Nikazunguka, nyuma kuna banda la uani, chumba kimoja na jiko la mkaa nje, dirisha dogo linaangalia ukuta. Nikamkuta baba amekaa kwenye kopo lililogeuzwa. Nikamuuliza, baba, ziwa liko wapi? Manake nilikuwa nimetembea njia yote nikijua nitaliona ziwa kwa karibu, ndio hamu yangu, na hapo uani unasikia mawimbi kabisa lakini huoni kitu. Akaniambia, ziwa liko upande wa mbele. Basi. Nikala naye ugali wake, nikarudi nyumbani, sikuliona.

Na mnajua baba mwenyewe hakuwahi kuona jua likizama kutokea pale? Ghuba iko magharibi, jua linazama majini, ndio kitu watu wanakilipia hela kwenye hoteli za pale. Yeye alikuwa anatoka saa kumi na moja jioni ili awahi kupanda mlima kabla ya giza. Miaka 28 ametengeneza mbele ya ile nyumba iwe nzuri kwa ajili ya saa ambayo yeye hayupo.

Sisemi haya ili mumchukie mtu. Wale watu wengine walikuwa wema, mmoja alimlipia dada yangu ada ya sekondari miaka miwili na hatutamsahau. Nauliza tu. Nani alijenga Capri Point? Wale ambao majina yao yapo kwenye hati, sawa. Na fundi aliyepasua jiwe kwa moto na nyundo ili msingi ukae? Na dobi? Na mama aliyelea watoto wa watu mchana, wa kwake wanalelewa na jirani? Hao wameandikwa wapi? Wengi wenu hapa ni watoto wao, nawafahamu. Wewe mama yako alikuwa anapika kule. Wewe babu yako alikuwa mlinzi, aliniambia mwenyewe. Halafu unapita unasema "kwa matajiri". Kwa matajiri gani, na jasho la babu yako liko kwenye sakafu?

Kuna mmoja lakini jina lake lilibaki. Angalieni kule, kile kisiwa. Saanane. Wengi wanadhani ni jina la namba, saa nane, nimeshasikia mpaka waongoza wageni wanasema hivyo! Hapana. Ni jina la mtu, Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi, kisiwa kilikuwa chake, analima, anavua, anaishi. Serikali ikakichukua, ikamlipa fidia akahamia maeneo ya jirani, na mwaka 1964 ikawekwa pale bustani ya kwanza ya wanyama Tanzania. Waliletwa mpaka nyati, twiga na faru, jamani, faru kwenye kisiwa ambacho unaweza kukizunguka kwa miguu! Baadae wale wakorofi wakahamishwa, na kisiwa kilitumika pia kama kituo cha kuwahifadhi wanyama waliokuwa wakisubiri kupelekwa kisiwa cha Rubondo. Mwaka 2013 ikawa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 2.18 tu, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa tulizonazo, na iko ndani ya jiji. Ukitaka kwenda unapandia boti Capri Point, ni dakika chache, unakuta swala, pimbi, tumbili wa ndevu nyeupe, na mawe mengine yaleyale.

Mimi nafikiriaga sana ule mpango. Mvuvi ameondoka, kisiwa kimekuwa cha taifa zima, lakini kila anayekata tiketi analitaja jina la mvuvi. Ndio heshima ninayoiongelea. Haikugharimu kitu.

Sasa maji. Hapa naomba mnisikilize vizuri manake hili ndilo lililonifanya niitishe haya matembezi.

Mnajua maji ya bomba ya Mwanza yanatoka wapi? Kwa miaka mingi chanzo kikuu cha jiji hili kipo Capri Point. Pampu ziko pale, maji yanavutwa ziwani, yanasafishwa, yanasukumwa kwenye matenki ya milimani, halafu yanashuka kwenye mabomba. Siku hizi tuna na mtambo wa Butimba, lita milioni 48 kwa siku, umesaidia sana, lakini kwa miongo mingi ukinywa maji ya bomba Mwanza umekunywa Capri Point. Mji huu kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 1.1. Haya, lile eneo ni la watu wangapi?

Mimi nimekulia Igogo tukiwa tunaona Capri Point kwa macho, taa zinawaka usiku juu ya maji kama harusi, na bomba letu halitoki. Halitoki wiki nzima. Tunaambiwa presha haifiki juu. Mama anaamka saa nane usiku, nane kabisa, kwa sababu kuna bomba moja chini linatoka usiku, anapanga ndoo, anapanda nayo kati ya mawe, mvua ikinyesha njia inateleza kama sabuni. Siku moja alianguka akavunjika mkono na ndoo ikamwagika yote, na mama hakulia kwa mkono, alilia kwa maji. Maji ambayo yalitokea palepale tulipokuwa tunapaangalia. Mume anamwagilia mjakaranda mchana kwa mpira, mke anagombania ndoo usiku, maji yaleyale, chanzo kilekile. Mtaniambia hiyo ni mitaa miwili tofauti? Ni mtaa mmoja uliokatwa katikati.

Na upande wa pili wa hiyo habari ni uchafu. Mvua ikinyesha mlimani takataka zetu zinashuka, Mto Mirongo unakatiza mjini unabeba kila kitu, chupa, nailoni, vinyesi, unamwaga ziwani. Kwa hiyo na sisi tunachangia, tusijisafishe. Miaka ya karibuni imejengwa mifumo rahisi ya majitaka kwenye baadhi ya milima, mabomba membamba yanayopita katikati ya mawe ambako gari la kunyonya choo haliwezi kupanda, na nimeona kwa macho yangu tofauti yake, watoto hawachezi tena kwenye ule mfereji mweusi. Hilo ni jambo kubwa kuliko hoteli kumi. Nasema tena, ni kubwa kuliko hoteli kumi. Manake choo cha Igogo kikivuja, kinavuja kwenye glasi ya Capri Point, na ukuta wa mita tatu hauwezi kuzuia hilo.

Na ziwa lenyewe lina kumbukumbu. Mwaka 2020 lilipanda mpaka likakaribia kile kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee hapa mnakikumbuka, fukwe zikamezwa, bustani za watu zikawa majini, mikahawa ya pembeni viti vinaelea. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka ufukweni usifanye shughuli ya kudumu. Zipo nyumba za zamani zilizoitangulia sheria, hizo naelewa. Lakini mtu anayejenga leo mpaka anagusa maji, anafunga na njia ya miguu, huyo analinyima jiji ufukwe na anajitafutia mafuriko yeye mwenyewe. Tukifika mahali njia imezibwa leo, hatubishani na walinzi, wale ni ndugu zetu wako kazini. Tunapiga picha, tunaandika mahali, tunapeleka kwa mtendaji wa kata Jumatatu. Tumeelewana? Hakuna kurusha maneno.

Niseme na hili, manake naona kuna kijana hapa nyuma anatikisa kichwa. Mimi sitaki Capri Point iharibike ndio tufanane. Siitaki hiyo. Naipenda ile miti, ule utulivu, barabara yenye kivuli, yale mawe hayajapasuliwa kokoto yote kama kwingine. Nataka mtoto wa Igogo aamke kwenye kivuli kama kile. Kwamba mtaa unaweza kuwa na miti na maji na taa na njia ya kutembea, tunajua inawezekana, ushahidi upo hapo mita mia tano, na waliouwezesha kwa mikono yao ni watu wetu. Ujuzi upo. Mnadhani aliyeotesha mjakaranda kwenye jiwe Capri Point atashindwa kuuotesha kwenye jiwe Igogo? Udongo wa kubeba kwa ndoo ni uleule.

Sasa tunaenda. Utaratibu ni hivi: tunatembea upande mmoja wa barabara, vijana wenye mifuko ya taka mko nyuma, chupa zote za plastiki tunaziokota, watoto wasishuke majini, ziwa hili lilituchukulia watu wengi sana meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, tuliheshimu. Tutazunguka rasi yote taratibu, tutapumzika pale kwenye boti za Saanane. Na jioni wanaoweza kubaki, tunabaki. Nimeshaongea na sehemu moja wazi pale ufukweni, hatulipi kitu, tunakaa kwenye mawe tunaangalia jua linavyozama.

Atakayetutangulia ni huyu mzee aliyevaa kofia ya bluu hapa kwenye kiti cha kwanza. Ndiye baba yangu. Ana miaka 76 na goti linamsumbua, kwa hiyo mwendo ni wake, akisimama tunasimama, akikaa tunakaa. Amesema anataka kutuonyesha miembe miwili, na safari hii tunapita upande wa mbele.

Bhabha, simama twende.